Nani Amrudishie Mwalimu Kazi Yake

Jumatatu, 2 Septemba

Uji, sala, goti. Goti la kushoto limekataa kukunjika tangu alfajiri. Hata hivyo nimefika ofisini kabla ya vijana. Nimefagia mwenyewe. Nikiwaachia wao, vumbi jekundu litakaa hadi Krismasi.

Leo Renatha ameanza kuujaribu mfumo mpya. Yeye ndiye kiongozi wa mafundi wetu wa kompyuta. Amezaliwa hapa Biharamulo, akasomea Mwanza, akarudi nyumbani kwa hiari yake, na wenzake wakamcheka. Chini yake wapo Deusi, anayejenga tovuti, na Hamisi, anayeshughulikia ujumbe wa simu. Mimi naandika. Nilipostaafu ualimu, ushirika wa wakulima uliniita nisahihishe Kiswahili cha matangazo yao. Sasa nayaandika yote: mbegu, magonjwa ya mazao, mikutano, mafunzo.

Mfumo wa zamani umechakaa. Kila tangazo naliandika mara tatu: la tovuti, la simu, la mtangazaji wa redio. Kosa likiingia, linaingia mara tatu. Huu mpya ni programu huria. Waliouandika wameuacha wazi. Yeyote auchukue, ausome ndani, aubadilishe, bila kumwomba mtu ruhusa. Vijana wanasema hauna kichwa. Nimewauliza kiumbe kisicho na kichwa kinaitwaje. Hamisi amejibu, "Kitoweo, Mwalimu." Sikucheka mbele yao.

Maana yake nimeielewa baadaye. Mfumo unatunza maneno tu. Hauna ukurasa wake wa kuyaonyesha. Tovuti inakuja kuchota, simu inakuja kuchota, redio inakuja kuchota, na kila chombo kinayavisha maneno nguo zake.

Mwisho wa mwezi kamati ya ushirika itaamua. Ikiuona mfumo huu unafaa, kazi itabaki hapa mikononi mwa hawa watatu. Ikiukataa, huduma yote itapewa kampuni moja ya Dar es Salaam yenye mfumo wake tayari, na hawa watatu watarudi kutafuta kazi. Renatha hasemi, lakini ana hofu. Nami ninayo. Bila kazi hii siku zangu ni ndefu mno.

Jumanne, 3 Septemba

Somo la kwanza. Nimekasirika.

Mfumo hautaki insha. Unataka vipande. Kichwa cha habari hapa, zao hapa, kata hapa, tarehe hapa, mahali hapa, maelezo mwisho. Nilimwambia Renatha kwamba mimi si mchinjaji. Tangazo zuri lina mwanzo, kati na mwisho. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanionyesha simu ya Hamisi: zao, mahali, tarehe, basi. Akanionyesha tovuti: maandishi yangu yote, aya kwa aya, na picha ya mgomba. Akanionyesha karatasi ya mtangazaji wa redio: herufi kubwa, mistari mifupi ya kusomwa kwa pumzi moja. Vyote vimetoka katika vipande vile vile nilivyoviandika mara moja.

Nimeandika mara moja. Ni miaka mingi sijaambiwa niandike kitu mara moja tu. Nimefurahi, na sikuwaambia.

Alhamisi, 5 Septemba

Vitufe vyote vilikuwa vya Kiingereza. Nilisema sitakibonyeza kitu nisichoweza kukisoma kwa lugha ya kazi yangu. Nilidhani huo ndio mwisho wa majaribio.

Renatha akafungua ndani ya mfumo, mahali maneno ya vitufe yanapokaa, akasema, "Mwalimu, tafsiri. Mimi naingiza." Tumefanya hivyo siku nzima. Rasimu. Hifadhi. Pitisha. Rudisha. Chapisha. Hamisi alitaka kitufe cha kufuta kiandikwe "Potelea mbali." Nilimwambia aende akanunue maandazi.

Jioni kitufe cha kwanza cha Kiswahili kikatokea kwenye kioo. Deusi alipiga makofi. Nimewafikiria watu walioandika kazi kubwa kiasi hiki, katika nchi nisizozijua, kisha wakaiacha wazi ili mama mzee wa Ngara anayeishi Biharamulo aingize maneno yake. Sijui majina yao. Nimewaombea.

Jumamosi, 7 Septemba

Umeme umekatika asubuhi. Hakuna kazi. Nimechambua maharage na kulala mchana. Goti afadhali.

Jumatatu, 9 Septemba

Leo tumejaribu ngazi za kazi. Katika mfumo huu mwandishi hawezi kuchapisha kazi yake mwenyewe. Anaiandika, inakwenda kwa mpitishaji, naye ana vitufe viwili: Pitisha na Rudisha. Kanuni njema. Nilipokuwa mwalimu mkuu hakuna mtihani uliotoka shuleni kwangu bila jicho la pili. Nimewaambia hivyo, kwa kirefu, wakavumilia.

Renatha amempa Deusi upitishaji. Ni kijana makini, anatoka Nyamahanga, anayajua mashamba. Mama yake, Veneranda, nilimfundisha.

Nimemtumia habari tano za majaribio. Zote zimepita kabla sijamaliza kufuta miwani. Nimejisifu moyoni kwamba kazi yangu haina dosari.

Jumatano, 11 Septemba

Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Andrea, amekuja. Alikaa kwenye kiti changu. Amesema watu wa kampuni ya Dar es Salaam wamempigia tena. Mfumo wao uko tayari, hauhitaji kujaribiwa na vijana. Renatha alimweleza yote aliyoyapima: kwamba mfumo huu unakaa kwenye mashine yetu wenyewe, kwamba maandiko yetu ni yetu, kwamba nakala ya akiba inachukuliwa kila jioni, kwamba mtandao ukiwa dhaifu bado unafanya kazi. Alieleza vizuri. Hakuficha pia ubaya: matoleo mapya hutoka mara kwa mara, na fundi asipokuwa mwangalifu anaweza kuvunja kilichokuwa kizima.

Mzee Andrea akasema, "Binti, mimi si fundi. Mimi nataka kuona watu wamepata tangazo na wamefika. Basi."

Jumamosi kuna ugawaji wa pingili za muhogo zinazovumilia ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Amesema tangazo hilo ndilo liwe mtihani. Ni haki. Nisingetoa mtihani mwingine.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeandika tangazo la pingili asubuhi. Siku, saa, ghala la Nyantakara, kila kaya ije na kamba na mfuko. Nimeandika pia namna ya kuzifunika kwa nyasi mbichi zisikauke njiani. Deusi amelipitisha. Hamisi ameelekeza simu zikachote. Mara moja likaonekana kila mahali. Mtangazaji wa redio amelisoma mchana bila kujikwaa.

Siku njema. Asante, Mungu.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimekosa.

Ugawaji ulikuwa Nyamahanga. Msimu uliopita ulikuwa Nyantakara, na mkono wangu uliandika msimu uliopita. Taarifa sahihi ilikuwa mbele yangu, nimeisoma, nikaandika nilichokizoea.

Simu ya kwanza ilikuja asubuhi. Mama mmoja mkulima. "Mwarimu, tumefika gharani. Hapa kuna mbuzi na mrinzi tu. Pingiri ziko wapi?" Nilimwambia asubiri. Sikujua asubiri nini. Nyuma yake nilisikia watoto wanalia na mtu anacheka, "Labda tupande hao mbuzi!"

Watu wametembea. Wengine na watoto mgongoni. Na Nyamahanga bwana shamba amekaa juu ya lori lenye pingili, jua linazikausha, hana wa kumpa.

Hamisi alibadilisha neno moja mahali pamoja. Tovuti ikajirekebisha hapo hapo, karatasi ya redio pia. Ujumbe uliokwisha kufika kwenye simu haukuweza kurudishwa. Ilibidi atume mwingine wa kusahihisha. Renatha alimpigia bwana shamba, akamsihi azishushe pingili kivulini, azinyunyizie maji, agawe tena Jumatatu, na lori lipeleke sehemu Nyantakara. Amekubali. Nawashukuru wote. Bila wao pingili zingekuwa kuni.

Alasiri Mzee Andrea akaingia ofisini. Hakukaa. "Mfumo wenu umepoteza watu," akasema. "Nilisema nataka watu wafike. Wamefika kwa mbuzi."

Renatha alikuwa amesimama. Angeweza kusema, "Si mfumo, ni Mwalimu." Lilikuwa jambo rahisi, tena la kweli. Hakusema. Deusi alitazama sakafu. Mwenyekiti akasema kamati itakaa Jumatano ya tarehe 25, lakini yeye keshajua atakavyosema. Akaondoka.

Nami nilinyamaza. Nimeandika hapa kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 15 Septemba

Misa ya kwanza. Sikukomunika. Nilirudi nyumbani nikitaka kulala, nikakuta pikipiki mlangoni. Veneranda, mama yake Deusi, na Deusi mwenyewe, na mkungu wa ndizi.

Veneranda alipiga magoti kama alivyofanya akiwa msichana mdogo. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Inuka. Kuna nini?"

"Mtoto amekosa. Nimekuja naye aombe radhi."

"Amekosa nini?"

"Aliona, akanyamaza. Alijua pingili ni kwetu Nyamahanga. Hata mimi nilijua. Alilipitisha hivyo hivyo."

Nilimtazama Deusi. Akasema, macho chini, "Nilijua, Mwalimu. Nilidhani labda wewe una habari mpya. Halafu... ningekurudishiaje wewe kazi? Wewe umemfundisha mama. Ningebonyeza kitufe kimeandikwa Rudisha, kwa kidole hiki, kwa Mwalimu?"

"Na aliyeandika uongo ni nani?" nikamwuliza Veneranda.

Bega lake likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka ndani ya kitenge. "Ah, Mwalimu, usiniulize hivyo," akasema. "Ulikuwa ukituchapa kwa kujibu swali la namna hiyo."

Tumecheka wote watatu. Tumepika ndizi. Lakini baada ya wao kuondoka sikucheka tena. Zile habari tano za Jumatatu ile, nilizojisifia. Hakuzisoma. Hakuona kwamba ana haki ya kuzisoma.

Jumatatu, 16 Septemba

Pingili zimegawiwa, Nyamahanga na Nyantakara pia. Bwana shamba anasema zilizokauka ni chache. Namshukuru Mungu, na namshukuru bwana shamba, ambaye hakunilaumu ingawa ana ulimi mkali.

Nimewakalisha vijana. Nimesema wazi: kosa ni langu, na nitalisema mbele ya kamati. Wote watatu walipinga kwa pamoja. Hamisi akasema, "Mwalimu, bora wauseme mfumo. Mfumo hauna uso wa kuona haya." Niligonga meza. Mfumo huo ndio chakula chao. Wangeuacha uhukumiwe ili mimi nisitajwe. Sijui kama nimewahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo, na sijui kama nimewahi kuiona heshima mbaya kuliko hiyo.

Kisha nimesema lililonikosesha usingizi. Walioubuni mfumo walidhani mpitishaji atamrudishia mwandishi kazi. Kwetu kijana hamrudishii mkubwa. Kitufe kipo, lakini ni kama mlango wa chumba cha baba mkwe. Hivyo katika tathmini yetu ngazi ile haifanyi kazi, hata kama kwenye kioo inafanya kazi.

Renatha alivuta kompyuta yake karibu. Akaniuliza, "Tukificha jina? Mpitishaji asione nani ameandika?"

Amewapigia wale wa kampuni ya Dar es Salaam, kwa haki, kuuliza kama mfumo wao unaweza. Walimjibu kwa adabu kwamba atume ombi, litafikiriwa katika toleo lijalo. Wetu pia hauwezi. Lakini wetu uko wazi. Amekaa mezani kuubadilisha.

Jumatano, 18 Septemba

Renatha amevunja kitu. Jina limefichika, na tangazo nalo limefichika. Kioo cheupe. Amehangaika tangu jana mchana. Leo ameandika swali lake mahali ambapo watumiaji wa mfumo huu kutoka duniani kote huulizana. Nilimwuliza nani atajibu swali la Biharamulo. Akasema hajui.

Alasiri jibu limekuja. Mtu asiyemjua, wa nchi asiyoifahamu, amemwonyesha alipokosea, akamtakia kazi njema. Hakutaka chochote. Renatha aliinuka, akaenda nje, akarudi amenawa uso.

Mtu huyo hatajua kamwe alichomfanyia. Nitamtaja kwenye rozari, ingawa sina jina la kumtaja.

Ijumaa, 20 Septemba

Jaribio la majina yaliyofichwa. Tumeandika watatu, habari mbili mbili, Deusi akipitisha. Nikaweka makosa kusudi katika moja ya zangu.

Deusi amepitisha zangu zote mbili. Za Hamisi amezirudisha kwa furaha.

Nilimwuliza amejuaje zangu. Hamisi akajibu badala yake: "Mwalimu, hata ukiandika gizani! Nani mwingine hapa anaandika 'aidha' na 'hali kadhalika' kwenye tangazo la mbolea?"

Wamecheka. Nimecheka pia, safari hii mbele yao. Lakini ni hasara. Siku hazijabaki nyingi.

Nikamwuliza Deusi, "Nini kingekuwezesha kunirudishia?"

Akafikiri. "Kama si mimi ninayerudisha," akasema.

Jumamosi, 21 Septemba

Renatha amekuja nyumbani na kompyuta yake. Ameweka maswali. Mpitishaji akifungua habari, kitufe cha Pitisha hakiwaki mpaka ajibu: Mahali ni wapi, na nani amethibitisha leo? Siku na saa ni zipi, na nani amethibitisha leo? Asipokuwa na jibu, mfumo wenyewe unairudisha kwa mwandishi, na unaandika: "Mfumo unaomba uthibitisho." Jina la Deusi halionekani popote.

Nimeyaandika upya maneno ya maswali yawe mafupi. Yeye ameyaingiza. Tumekunywa chai. Binti huyu ana akili, tena ana subira. Angebaki Mwanza, tungemjuaje?

Jumatatu, 23 Septemba

Nimeandika tangazo la mafunzo ya mnyauko wa migomba. Nimerudishiwa kabla ya saa nne. "Mfumo unaomba uthibitisho: saa." Deusi alikuwa anajifanya kurekebisha waya chini ya meza.

"Mfumo umekataa, Mwalimu," akasema kutoka huko chini.

"Nimeona. Una haki."

Nimempigia bwana shamba, nimethibitisha, nimetuma tena. Limepita. Sikuwa na hasira hata kidogo. Nimeshangaa.

Jumatano, 25 Septemba

Kamati. Jengo la ushirika, viti vya mbao, goti likiuma kama jino.

Mzee Andrea alianza na mbuzi wa Nyantakara. Watu wakacheka. Kabla hajaendelea niliinuka. Nimesema: Tangazo niliandika mimi. Mahali nilikosea mimi. Mfumo ulibeba nilichoupa, ukakifikisha kwa kila mtu, upesi na kwa uaminifu. Kijana mmoja aliliona akanyamaza kwa kuniheshimu, kisha wote watatu wakanyamaza kwa kunificha, na walikuwa tayari kupoteza kazi yao kuliko kunitaja. Nawaomba radhi waliotembea. Nikakaa.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa nyuma akasema taratibu, "Pole, Mwalimu." Ilinitosha.

Renatha akaeleza maswali aliyoyaweka. Mzee Andrea hakuelewa, au alitaka kuona. Renatha akamwomba aandike tangazo la mkutano ujao, pale pale, kwenye kompyuta, na Deusi apitishe. Mwenyekiti akaandika kwa kidole kimoja, akitamka kila herufi. Akatuma. Deusi, jasho linamtoka, akajibu maswali. Mahali, sawa. Siku, sawa. Kisha kioo kikubwa ukutani kikaonyesha: Mfumo unaomba uthibitisho: saa.

"Nimerudishwa?" akauliza Mzee Andrea.

"Si mimi, Mzee," akasema Deusi. "Mfumo."

"Mwenyekiti kapata sifuri!" mama mmoja wa kamati akapaza sauti, na ukumbi wote ukaanguka. Wamecheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Mzee Andrea mwenyewe alicheka akifuta macho. "Nimesahau saa," akasema. "Kweli nimesahau saa. Mngekuja asubuhi, mimi ningekuja jioni." Akaandika saa nane mchana, akatuma, likapita.

Akawauliza wenzake kama wale wa Dar es Salaam wanaweza kumrudisha Mwenyekiti. Renatha akasema kweli: labda siku moja, wakiombwa. Leo hapana.

Uamuzi: mfumo unabaki. Kazi inabaki Biharamulo. Baada ya mavuno itatazamwa tena. Kampuni iandikiwe kwa shukrani.

Renatha hakulia. Alikunja waya zake vizuri, moja moja, akaziweka kwenye mfuko. Nje, karibu na boma la Wajerumani, akasimama akashika mkono wangu kwa mikono yote miwili, akakunja goti. "Asante, Mwalimu."

Nilimwambia asante ni yangu. Ndiyo kweli yenyewe.

Jumatatu, 30 Septemba

Mvua imeanza tangu asubuhi, ndogo, ya kutulia. Ofisi ina harufu ya udongo. Hamisi amelala kwenye kiti, nimemwacha.

Niliandika maelezo ya kupanda pingili za muhogo: kata, lalisha, fukia. Nilithibitisha kila kitu kabla ya kutuma. Mahali, siku, majina. Maswali yote yana majibu.

Kazi imerudi hata hivyo. Si kwa maneno ya mfumo. Chini kabisa, kwa jina lake kamili, Deusi ameandika: "Aya ya tatu si sahihi kwa mabonde ya kwetu Nyamahanga. Maji hutuama. Ukilalisha pingili zitaoza. Wapande kwenye matuta, wazisimamishe."

Nimempigia bwana shamba. Kijana yuko sahihi.

Nimeusoma ujumbe wake mara ya pili. Hakuna "samahani" mahali popote.

Nimeandika upya aya ya tatu. Nimeituma. Ameipitisha.

Namshukuru Mungu.